Kisomo Kilikuwa na Ngazi

Pita jioni kwenye vibanda vya gemu hapa Mwanza uwatazame watoto. Mmoja anashindwa mara kumi, anarudia mara ya kumi na moja, tena kwa hela yake. Huyo huyo, hesabu ikimshinda mara moja darasani, anafunga daftari. Wazazi wanalaumu gemu. Mimi nasema watengenezaji wa gemu wana dawa ambayo sisi wa kandokando ya ziwa tuliwahi kuwa nayo.

Mwaka 1968 mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima ulianza hapa mjini, kwa ajili ya mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Vitabu vyake vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Mkulima wa Usukuma alisoma habari za pamba, kisha akaenda kuzijaribu shambani kwake. Mwaka 1974 likazaliwa hapa gazeti la Elimu Haina Mwisho, ili waliojua kusoma wasisahau.

Agosti 1975 ukaja mtihani wa taifa zima, wenye ngazi nne. Za chini zilikuwa za wanaoanza. Ya nne, kusoma gazeti na kutunza hesabu zako. Kufuzu kulianzia ya tatu. Aliyeishia ya pili hakuambiwa safari imekwisha: alirudi darasani, na mwaka 1977 watu wakapimwa tena. Wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mwaka 1975 wakahesabiwa 39. (Sisemi yote yalikuwa asali. Wapo waliosahau baadaye.) Mtoto wa darasa la saba, kwa miongo mingi, amepewa siku mbili tu za kuamuliwa hatima yake.

Dawa hiyo ilirudi Tanzania kwa mlango wa Tanga. Kati ya 2017 na 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi katika shindano la XPRIZE. Mshindi mmojawapo, programu ya Kitkit School, iliasisiwa na Sooinn Lee, mbunifu wa gemu kutoka Korea Kusini. Kabla ya hapo, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Nusu iliyosalia haikuwa na mwalimu wa kisomo wa kuifuata nyumbani.