Gombesa: Jina la Wavuvi na Historia ya Utafiti wa Bahari

Historia ya utafiti wa bahari katika pwani ya Afrika ya Mashariki na visiwa vyake huelezwa kwa kawaida kwa kutaja meli, vituo na majina ya wataalamu. Ni nadra lugha za wavuvi kuhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya historia hiyo. Kisa cha samaki aitwaye gombesa katika Visiwa vya Komoro kinadhihirisha kwamba upungufu huo si jambo dogo.

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, iliingia bandari ya East London, Afrika Kusini, ikiwa na samaki wa ajabu mwenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, aliona kuwa samaki huyo si wa kawaida, akampelekea habari J. L. B. Smith wa Chuo cha Rhodes, Grahamstown. Smith alitambua kwamba samaki huyo ni wa jamii iliyojulikana kwa visukuku tu, ambayo ilidhaniwa kuwa ilikwisha toweka tangu mamilioni ya miaka. Mwaka 1939 alimpa jina la kitaalamu, Latimeria chalumnae. Hata hivyo, viungo vya ndani vya samaki huyo vilikuwa vimekwisha tupwa. Kwa hiyo ilibidi atafutwe wa pili.

Vita Kuu ya Pili ilichelewesha kazi hiyo. Baadaye Smith alisambaza tangazo lenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Tangazo liliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hizo zilikuwa lugha za serikali za kikoloni zilizotawala pwani. Hazikuwa lugha zilizosemwa ngalawani. Kiswahili hakikuwamo, wala Kikomoro, lugha iliyo ndugu yake wa karibu.

Mwaka 1952 nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara kwa jahazi lake kati ya Zanzibar na Komoro, alizifikisha nakala za tangazo hilo visiwani. Mwezi wa Desemba mwaka huo mvuvi Ahamadi Abdallah alimpata samaki huyo katika bahari ya kisiwa cha Nzwani, ambacho Wafaransa walikiita Anjouan. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, D. F. Malan, alitoa ndege ya kijeshi ili Smith akamchukue. Kumbe wenyeji walikuwa wakimvua samaki huyo mara kwa mara, na walikwisha mpa jina: gombesa. Yaliyokuwa maajabu kwa wataalamu yalikuwa ni jambo la kawaida kwa wavuvi.

Jina hilo halikusimama peke yake. Lilifuatana na maarifa ya kazi. Wavuvi wa Komoro walimpata gombesa usiku, kwa mshipi mrefu uliotupwa kilindini kutoka katika galawa, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulitambua mara moja. Mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake walishuka kwa chombo cha kuzamia karibu na Ngazija, wakamwona samaki huyo akiwa hai katika makazi yake. Uchunguzi wao uliendelea na kuonyesha kwamba mchana hupumzika katika mapango ya miamba ya kilindini, na usiku hutoka kuwinda. Sayansi ilieleza sababu. Lakini saa na mahali vilikuwa vimekwisha hifadhiwa katika desturi ya uvuvi.

Upande wa bara mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2001 samaki wa namna hiyo alinaswa karibu na Malindi, na kuanzia mwaka 2003 wengine wakapatikana Tanzania, hasa Tanga, katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa Tanga. Neno silikanti limetokana na jina lililoundwa na Louis Agassiz katika karne ya 19 kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mwiba ulio wazi ndani. Hivyo samaki mmoja ana majina mawili yenye historia mbili: gombesa limezaliwa na mshipi wa mvuvi, na silikanti limeletwa na kitabu. Yaelekea jina hufuata chombo: pale ambapo zana za uvuvi hazikufika kilindini mapema, lugha nayo haikufika.

Jambo hili linawahusu wanaisimu moja kwa moja. Kamusi za Kiswahili mara nyingi hueleza jina la samaki kwa maneno "aina ya samaki", kisha zikanyamaza. Maelezo ya namna hiyo huhifadhi sauti ya neno na kuyaacha maarifa yake yapotee: kina, msimu, saa, chambo na zana. Mshipi unapoachwa na mzee aliyeutumia anapofariki, hakuna maktaba itakayoyarudisha. Gombesa mwenyewe sasa amo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Itakuwa hasara maradufu iwapo samaki atabaki na msamiati wake ukatoweka kwanza, kwa kuwa msamiati huo ndio kumbukumbu ya kale kuliko zote aliyowekewa na binadamu.