Kampuni na Majirani Zake: Vijana wa Ngara na Biharamulo Mbele ya Tanuru, Shamba na Mgodi

Nchi iliyo baina ya mto Ruvubu na misitu ya Biharamulo, ambamo ndani yake imo kata ya Keza ya wilaya ya Ngara, ni nchi ya vilima na migomba, ya maharage na kahawa, na msafiri aipitaye kwa haraka katika barabara iendayo Rusumo aghalabu hudhani kwamba habari za viwanda na makampuni ni ngeni kwa wenyeji wake, nazo ziliwafikia juzi pamoja na magari ya watafiti wa nikeli. Dhana hiyo si sahihi. Watu wa pande hizi wamekuwa majirani wa kazi kubwa za mikono na mitambo kwa vizazi vingi, na mas-ala ya nini mwenye kazi hizo awiwa na watu wanaomzunguka, hususan vijana wao, ni ya kale kuliko sheria yoyote ya madini iliyoandikwa.

Kabla ya ukoloni, katika Buzinza na Rusubi, yaani upande wa Biharamulo na Geita ya leo, walikuwapo mafundi wa kuyeyusha chuma walioitwa Barongo. Mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt, ambaye pamoja na Donald Avery walitangaza mwaka 1978 matokeo ya uchunguzi wao juu ya ufundi wa kale wa chuma wa Buhaya, aliwafuatilia Barongo pia, akaona kwamba hawakuwa ukoo mmoja wala kabila moja, bali jumuiya ya kazi, ambayo mtu wa ukoo wowote aliweza kuingizwa ndani yake kwa kutoa ada na kushika miiko. Majembe yao yalilima mashamba, yalitolewa mahari, yalikuwa bidhaa ya biashara, na watawala walipokea sehemu yao kuwa kodi. Tanuru la mafundi hao, ingawa lilikula miti mingi kwa makaa, liliwapa majirani zake vitu viwili ambavyo ni lazima tuvikumbuke katika kupima yote yaliyofuata: bidhaa ambayo majirani wenyewe waliihitaji, na mlango ambao kijana aliweza kuupita akaingia katika siri ya ufundi.

Utawala wa Wajerumani, na baada yao Wabelgiji waliokuja na vita vya mwaka 1916, na hatimaye Waingereza, uliugeuza mpango huo juu chini. Jembe la chuma kutoka ng'ambo lilipunguza haja ya tanuru, na kodi ya kichwa ikazaa haja ya fedha, ambayo nayo haikupatikana nyumbani. Vijana wa Bugufi, nchi iliyotengwa na Urundi ikatiwa katika Tanganyika, walishika njia ya Buganda kwenda kulima pamba na kahawa ya watu wengine, na katika mikoa ya magharibi na kati ya Tanganyika ofisi za kukusanya vibarua wa mkonge, ambazo tangu mwaka 1944 ziliunganishwa katika chombo kilichojulikana kwa jina la SILABU, ziliwachukua wanaume kwa maelfu hata mashamba ya Tanga na Morogoro, nao wakaitwa manamba. Katika zama hizo kampuni haikuwa na jirani kabisa, kwa kuwa kijana alitolewa kwao akapelekwa ilipo kazi, na kijiji kilichomlea hadi akapata nguvu za kazi hakikupata chochote ila salio la ujira alilorudi nalo, ikiwa alirudi. Tiba na elimu huko nyumbani vilitazamwa zaidi na misheni, mathalan hospitali za Murgwanza na Rulenge, na fedha taslimu zikaanza kupatikana wenyeji walipoanza kuotesha kahawa na kuiuza kwa ushirika katika miaka ya 1930.

Mfano wa namna ya pili ulizaliwa Usukuma. Mwaka 1940 John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, aliona almasi pale Mwadui, na katika miaka michache ukajengwa mji mzima wenye nyumba, hospitali, shule na maduka, ambao watu wa nje waliutaja kwa mastaajabu. Alipofariki mwaka 1958, na mwaka huo huo nusu ya mgodi ikawa mali ya Serikali ya Tanganyika na nusu nyingine ya kampuni ya De Beers, sura ile ya mji wa kampuni ilikuwa imekwisha kuwa kipimo ambacho migodi mingine ililinganishwa nacho. Walakini fadhila za Mwadui zilikaa ndani ya ua. Aliyeajiriwa alitibiwa na wanawe wakasomeshwa, na asiyeajiriwa, japo shamba lake lilipakana na waya wa ua huo, alibaki mtazamaji. Wala haikuwapo hati iliyomwezesha kudai lolote, maana kilichotolewa kilikuwa ihsani, na ihsani haidaiwi.

Ngara yenyewe iliwapata waajiri wakubwa kwa sababu zisizotazamiwa. Mahali paitwapo Benaco pamebeba hata leo jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara na kuweka kambi hapo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, mahali hapo pakageuka kuwa moja ya kambi kubwa mno za wakimbizi duniani, na mashirika ya misaada yakawaajiri vijana wengi wa wilaya kuwa madereva, wakalimani, walinzi, makarani na wauguzi. Miti ilikatwa, barabara zikachakaa, bei zikapanda, na kwa muda fedha zikawa nyingi. Kisha Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao na ajira nyingi zikatoweka pamoja nao. Mashirika hayo hayakuwa makampuni ya viwanda, lakini yaliifundisha wilaya somo ambalo baadaye lingerudiwa na madini: kwamba mwajiri mkubwa akija kwa ghafula huondoka kwa ghafula, na hubaki na faida yule tu aliyejifunza kazi inayotakiwa mahali pengine.

Biharamulo ililipata somo hilo kwa dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, ukimilikiwa na kampuni ya Barrick kwa sehemu 70 katika 100, na sehemu iliyosalia na kampuni nyingine ya Kanada. Hizo zilikuwa zama za mikataba ya maendeleo ya madini iliyofuata sheria ya mwaka 1998, ambapo kampuni kubwa kadhaa zilikubaliana na Serikali kwamba ushuru wa huduma ulipao halmashauri ya wilaya usizidi dola 200,000 kwa mwaka, kiasi kidogo mbele ya thamani ya dhahabu iliyosafirishwa. Juu ya hapo migodi ilijenga madarasa, zahanati na visima kwa hiari yake, ikichagua yenyewe cha kujenga na mahali pa kukijenga. Umri wa Tulawaka haukuwa mrefu. Mwaka 2013 wenyewe waliufunga, na mwezi Novemba mwaka huo ukakabidhiwa STAMICO, shirika la madini la Taifa, ambalo liliuendesha kwa kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa hakuwa amefika kidato cha tatu ulipofungwa, na kwa hiyo kizazi ambacho shule zake ziliwekewa mabati na mgodi hakikuwa kimefikia umri wa kuajiriwa nao wenyewe hao walipoondoka.

Malalamiko ya miaka hiyo, katika Biharamulo na kwingineko, yakazaa mabadiliko ya mwaka 2017. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliongezwa kifungu cha 105, ambacho chamtaka mwenye haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akubaliane juu yake na halmashauri ya mahali hapo, na halmashauri nayo isimamie utekelezaji wake na kuwaeleza wananchi. Mabadiliko hayo pia yaliipa Serikali hisa zisizopungua 16 katika 100 bila malipo katika migodi mikubwa. Tofauti ya hali hii na ile ya Mwadui ni kubwa mno. Mwenye kutoa hakatazwi kuwa mkarimu, lakini hana tena uhuru wa kutotoa, na anayepokea hana haja ya kusujudu, ila ana deni la kujua anachotaka.

Sheria hiyo iliikuta Ngara katika hali ya kungoja kwa muda mrefu. Nikeli ya Kabanga, iliyomo kata ya Bugarama karibu na mpaka wa Burundi, ilionekana katika miaka ya 1970 kwa utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, nayo ni miongoni mwa mashapo makubwa na bora ya nikeli duniani ambayo hayajachimbwa. Sutton Resources iliichunguza katika miaka ya 1990, Barrick ikainunua kampuni hiyo mwaka 1999, Falconbridge ikaingia ubia mwaka 2005, ikafuatiwa na Xstrata na kisha Glencore, kila mmoja akitoboa miamba na kuandika vitabu vya hesabu, hata leseni hodhi zikafutwa mwaka 2018. Tarehe 19 Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba wa msingi uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa 16 katika 100 ndani yake, na mwezi Oktoba mwaka huo ikatolewa leseni maalumu ya uchimbaji. Wazee walioona mashine za kwanza wakiwa vijana wameona wajukuu wao wakiuliza swali lile lile walilouliza wao: kazi itaanza lini?

Kungoja huko kumekuwa na gharama. Mtu aliyeambiwa kwamba ardhi yake ni ya mgodi husita kupanda mibuni na kujenga nyumba ya kudumu, kwa kuwa hajui kama atavuna wala kama atalala ndani yake. Fidia yenyewe, ambayo sheria za ardhi za mwaka 1999 zaamuru iwe kamili, ya haki na ya haraka, hulipwa kwa mwenye shamba, na kijana ambaye alikuwa akitumaini kukatiwa kipande na baba yake huweza kuuona urithi wake ukibadilika kuwa noti na kutumika kabla hajaoa. Kwa hiyo mpango wowote wa kusaidia majirani unaohesabu kaya peke yake, bila kuhesabu vijana waliomo ndani ya kaya hizo, umeacha nje watu wenye hasara ya muda mrefu kuliko wote.

Jambo la kuwapa hao lajulikana, nalo limekwisha kujaribiwa nchini. Tangu mwaka 2009 kampuni za migodi na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, zilishirikiana pale Moshi kuwafundisha vijana ufundi wa mitambo, umeme na uchomeleaji kwa kiwango cha migodini, wakisoma chuoni kwa zamu na kufanya kazi migodini, na fundi wa namna hiyo mgodi mmoja ukifungwa huajirika katika kiwanda cha saruji, cha sukari au cha umeme. Lakini ufundi huo hauna njia ya mkato: anayetaka mafundi wa mwaka wa kufungua mgodi sharti awe amewaandikisha chuoni miaka mitatu kabla. Ikiwa halmashauri itakaa kungoja hadi mashine zianze kunguruma, mafundi watatoka mikoa mingine, na wenyeji wataachiwa kulinda lango, kupika na kufyeka majani. Hatari hiyo yazidi kwa kuwa kiwanda cha kusafishia nikeli kilipangiwa Kahama, katika eneo la mgodi wa zamani wa Buzwagi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Bugarama.

Hapo ndipo Keza, ambayo si kata ya mgodi, ina neno la kusema. Ujirani ukipimwa kwa moshi na vumbi tu, msaada utaishia katika vijiji vichache, navyo vyastahili kutangulizwa, kwa kuwa ndivyo vinavyotoa ardhi. Lakini ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo, huingia katika mfuko wa wilaya nzima, na mpango wa kila mwaka hupita mbele ya baraza la madiwani ambamo diwani wa Keza hukaa sawa na diwani wa Bugarama. Ni halali yake kuuliza ni nafasi ngapi za chuo zilizotengwa, kwa ufundi gani, na kwa vigezo gani vijana wa kike na wa kiume watachaguliwa, na ni wajibu wake kurudi na majibu hayo katika mkutano wa kijiji. Darasa na kisima vina heshima yake, na hakuna mwenye akili atakayevikataa. Hata hivyo historia ya nchi hii, tangu tanuru la Barongo hadi shimo la Tulawaka, yashuhudia kwamba kijana aliyeingizwa katika ufundi hubaki na ufundi wake mwenye kazi aondokapo, na kwa sababu hiyo mstari wa kwanza wa kila mpango utakaotiwa sahihi Ngara wafaa uwe ule wa vijana watakaofundishwa, na majengo yafuate.