Jinsi Waingereza walivyoijua shubiri

WAUZAJI wa mitishamba huko Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, hawamwandikii mnunuzi cheti. Humweleza kwa mdomo dawa ni ya nini, huchemshwa vipi na hunywewa lini. Katika karne ya 16 na 17, maarifa ya namna hiyo yaliwafikia wasomi wa Uingereza, ila baada ya kupita mikono mingi.

Mfano ni shubiri, ambayo uchungu wake umekuwa methali. Utomvu wake uliokaushwa, dawa ya kulainisha choo, ulitoka kisiwa cha Sokotra, karibu na Pembe ya Afrika. Mnamo 1563, Garcia de Orta, tabibu Mreno aliyeishi Goa, India, alichapisha kitabu kuhusu dawa za Mashariki, alizozijua kwa kuwahoji matabibu na wafanyabiashara wa huko. Mnamo 1567, Carolus Clusius alikifupisha kwa Kilatini, lugha ya wasomi wote wa Ulaya. Hivyo mtu wa London aliweza kuifahamu dawa bila kuvuka bahari. John Gerard, ambaye kitabu chake cha mimea cha 1597 kilisifika mno, alitegemea zaidi kazi ya Rembert Dodoens wa Flanders.

Baadaye mabaharia wakaifuata dawa kwenyewe. Thomas Roe, balozi aliyekuwa akielekea India, alitia nanga Sokotra mnamo 1615, ambako meli za Kampuni ya India Mashariki zilinunua shubiri kwa sultani. Wakamuaji wenyewe hawatajwi majina.

Nchini Kenya, Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka wa 1976 kitabu kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, akihifadhi majina ya mimea kwa lugha za wenyeji. Hilo si jambo dogo. Miaka kumi awali, 1966, dawa ya tezi dume itokanayo na gome la mti uitwao muiri kwa Kikikuyu ilikuwa imesajiliwa hakimiliki na Mfaransa, Jacques Debat.

Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi hutaka jamii iombwe idhini na igawiwe faida. Lakini jamii ipi? Muuzaji wa Kawangware huenda alifunzwa dawa na jirani wa kabila jingine, naye jirani akaipata kwa mteja.