Chini ya Paa la Mkunazini

Jina la Bagamoyo hufasiriwa kwa njia mbili. Wapo wasemao ni kilio cha mateka aliyefika pwani akaubwaga moyo, kwa sababu bahari iliyo mbele yake haikuwa na njia ya kurudi. Wengine husema ni pumzi ya mpagazi aliyetua mzigo baada ya miezi ya safari kutoka Tabora na Ujiji. Mji ni ule ule, mchanga ni ule ule. Nami kila nikisoma historia ya pwani yetu nawakuta watu hawa wawili: aliyefika ukingoni akaona yamekwisha, na aliyetua, akapumua, akajitwika tena.

Waislamu wa mwambao wamelisikia jambo hili tangu chuoni. Ule uitwao Mwaka wa Huzuni, yapata 619, Mtume alifiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib. Akaenda Taif kutafuta hifadhi, akafukuzwa kwa mawe. Hijra ikawa 622. Kutoka nje ya Taif, miguu ikivuja damu, Madina haikuonekana.

Julai 1844, Mombasa, mmishenari Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, miezi michache tu baada ya kufika, naye mwenyewe hoi kwa homa. Alibaki na karatasi zake, akikusanya maneno ya Kiswahili. Kamusi yake ilitoka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Na kaskazini, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa alipomtungia bintiye utendi wa adabu, dini na unyumba. Hakuishi miaka mingi baadaye. Lakini aliyekata tamaa hashughuliki kumfundisha mtoto namna ya kuishi.

Katika habari hizi zote, inayonikaa zaidi moyoni ni ya Chuma na Susi, watumishi wa mmishenari David Livingstone. Livingstone alipofia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, hakuna aliyewaamuru kufanya lolote. Waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaanza kutembea kuelekea baharini. Tabora walikutana na afisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, akawashauri wamzike pale pale, maana njia ya mbele ilikuwa mbaya. Wakakataa. Mbele, wenyeji walipogoma kuipisha maiti katika nchi yao, walijifanya wameirudisha ikazikwe, kumbe wameufunga mwili upya uonekane kama mtumba wa nguo. Wakapita. Februari 1874, baada ya miezi tisa, waliutua Bagamoyo.

Chuma huyo alikuwa Myao aliyetolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861, katika msafara wa Livingstone na Askofu Mackenzie. Misheni ambayo Mackenzie aliianzisha huko Magomero, katika Malawi ya leo, ilisambaratika: yeye alikufa kwa homa Januari 1862, na misheni ikahamia Unguja mwaka 1864. Aliyehesabu makaburi alikuwa na haki ya kusema kazi imeshindikana.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Krismasi ya mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa la misheni ile ile liliwekwa Mkunazini, pale pale penye soko. Edward Steere, aliyekuja Unguja na misheni hiyo, aliusimamia ujenzi mwenyewe. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingine za mjini. Shida ilikuwa paa. Unguja, chumba kilipimwa kwa boriti: urefu wa mti wa mkoko ndio upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Steere alitaka ukumbi mpana wenye paa la zege lililopinda kama pipa lililopasuliwa katikati. Watu walisema litaanguka. Siwalaumu, kwani hesabu waliyoijua ilikuwa ya boriti. Mafundi wakaendelea kumimina zege juu ya vichwa vya watu waliokuwa na hakika ya maporomoko.

Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Ukiingia leo, utaona msalaba mdogo wa mbao, uliochongwa kutoka kwa ule mti wa Chitambo ambao chini yake Chuma na Susi waliuzika moyo. Inua macho: paa lipo, limepinda, halina boriti hata moja.