Kibla ya Wazee Wetu

Mjukuu wangu, aliyesomea hapa Maskati, alinikosoa juzi mbele ya wageni: "Babu, kibla ni upande wa Makka. Pale asimamapo imamu ni mihrabu." Kwa Kiarabu kasema kweli, na mimi mwalimu nikanyamaza. Lakini wazee wetu wa pwani waliita mihrabu yenyewe kibla, wala hawakuwa wajinga. Ile ya Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladi. Yamechongwa katika matumbawe, ambayo huchongwa yangali mabichi na laini, kisha yakikauka huwa magumu. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18; maandishi yakahifadhiwa. Nimemwambia twende likizo hii, akanisahihishe palepale.