Tetemeko la Kagera: kuna aliyejua akanyamaza?

Kila likitajwa tetemeko la Kagera, hakosi mtu wa kuuliza: wataalamu walikuwa wapi? Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Watu 17 walifariki mkoani humo, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu. Je, watu wa Rubafu, kule ufukweni mwa Ziwa Victoria, wangeweza kuonywa mapema?

Wadau, wazo la kuisikiliza ardhi kwa vipimo vya umeme na usumaku si geni. Nadharia inasema mwamba ukibanwa sana unaweza kutoa umeme kidogo kabla ya kukatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafizikia watatu wa Ugiriki, Varotsos, Alexopoulos na Nomicos, walichimbia nyaya ardhini kutafuta dalili hiyo. Wakadai wamefaulu. Wapinzani wao wakajibu kuwa utabiri ule ulikuwa wa jumla mno, hata mbahatishaji angeupatia.

Oktoba 17, 1989, tetemeko la 6.9 likapiga Loma Prieta, California. Kifaa cha Antony Fraser-Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford, kilomita 7 tu kutoka kitovuni, kilikuwa kimenasa usumaku usio wa kawaida siku kadhaa kabla. Matumaini yakapanda! Lakini mwaka 2004 Parkfield, palepale California, ilitikisika kwa 6.0 huku imezungukwa na vifaa, na havikuonyesha dalili ya kuaminika. Mwaka 2009 watafiti waliopitia upya rekodi za 1989 wakasema huenda kifaa kilikuwa na hitilafu.

Hapa kwetu vipimo vya jamii hiyo vimetumika kutafuta jotoardhi, Olkaria kule Kenya na Ngozi kule Mbeya. Vinaonyesha kilichopo chini, si siku ya kutikisika.

Kwa hiyo hakuna aliyejua akanyamaza. Tetemeko lilianzia kina cha kilomita 40 hivi. Kilichoua watu ni kuta za juu, matofali yaliyopangwa bila nondo wala linta. Hilo halihitaji mtabiri, linahitaji fundi na mkaguzi. Ihungo imejengwa upya. Je, nyumba unayolala wewe leo, nani aliikagua?