Hewa ukaa kaskazini mwa Ulaya: Si baridi peke yake

Wengi waliohamia kaskazini mwa Ulaya hudhani kwamba baridi ndiyo inayoamua kiasi cha hewa ukaa kinachotolewa na kila nchi. Dhana hiyo ina mantiki, lakini ramani haiiungi mkono. Uswidi na Estonia zimetenganishwa na Bahari ya Baltiki tu, na majira yao ya baridi hayapishani sana. Hata hivyo, kwa miaka mingi Mwestonia mmoja alihesabiwa kutoa zaidi ya maradufu ya hewa ukaa ya Mswidi.

Chanzo kikuu kimo ardhini. Chini ya mkoa wa Ida-Viru, mpakani na Urusi, kuna mwamba wenye mafuta, ambao Estonia huuchimba na kuuchoma katika mitambo ya umeme karibu na mji wa Narva. Ni fueli chafu mno, kuliko hata gesi asilia kwa mbali. Uswidi, kwa upande wake, ina mito mikubwa na vinu vya nyuklia. Nyumba zake nyingi za mijini hupata joto kwa maji moto yanayopitishwa kwenye mabomba kutoka mitambo inayochoma mabaki ya misitu na taka. Kodi ya kaboni, iliyoanza mwaka 1991 kwa krona 250 kwa tani na ambayo sasa imepita krona 1,200, iliwasukuma wananchi kuachana na mafuta ya kupashia joto.

Bei iliifikia Estonia pia. Vibali vya kutoa hewa ukaa katika Umoja wa Ulaya, vilivyouzwa chini ya euro 10 kwa tani mwaka 2017, vilipita euro 20 mwaka 2019, na mwaka huohuo uzalishaji wa Narva ukaporomoka. Kwa takwimu za mazingira hiyo ni habari njema. Kwa wachimbaji wa mkoa huo, ambao wengi wao huzungumza Kirusi, ni swali la ajira.

Norwe ni kitendawili zaidi. Takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na maji, na mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yalikuwa ya umeme. Hata hivyo, zaidi ya moja ya tano ya gesi zake zinazochafua hewa hutoka katika uchimbaji wa mafuta na gesi, kwa kuwa majukwaa mengi ya baharini huchoma gesi ili kujipatia nguvu. Mafuta yenyewe yakishauzwa, moshi wake huandikwa katika hesabu ya nchi inayoyachoma.

Hesabu za namna hiyo hupotosha hata ndani ya nchi moja. Kisiwa cha Gotland huonekana kuwa mchafuzi mkubwa Uswidi kwa kila mkazi, ilhali hilo halitokani na magari ya wakazi wake. Sababu ni kiwanda cha Slite, kinachotengeneza sehemu kubwa ya saruji ya nchi. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka katika mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa tanurini, wala kubadilisha fueli hakuwezi kuiondoa. Mwaka 2021 mahakama ilipokataa kukiongezea kiwanda hicho kibali cha kuchimba chokaa, kwa hofu ya maji ya ardhini, serikali ilibadilisha sheria ili uchimbaji usisimame: nyumba za Stockholm zilikuwa zikingoja saruji hiyo.